Kababu ya kukaanga nayo ni kababu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka kwenye ukurasa wenu wa mapishi, ile yenye picha kubwa ya nyama iliyochomekwa kwenye vyuma. Mwandishi wenu ametoa hukumu tatu kwa mkupuo. Kwanza, kababu ni chakula cha Waturuki na wengine wote wameiga. Pili, kababu ya kweli ni ya kuchomwa juu ya makaa, na hizi zetu za kukaanga ni "katlesi zilizokosa viazi". Tatu, anayetia unga au mkate kwenye nyama ni tapeli.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyonigusa mfukoni, maana wateja wangu wanasoma gazeti. Kijana mmoja wa wizarani alifika kwenye meza yangu na gazeti kwapani, akavunja kababu katikati, akaichungulia kama fundi saa, akaniuliza: "Mama, humu kuna unga?" Nikamwambia upo, na nikamwambia umeingia kufanya kazi gani. Alikula, akafungasha na za nyumbani. Lakini siwezi kumpa kila mteja somo huku mafuta yanaungua, ndiyo maana nimeona niandike.

Mimi nauza kababu, sambusa na chapati Majengo, Dodoma, kuanzia alasiri mpaka watu wapungue barabarani. Kwetu ni Kondoa. Ujanani nilifanya kazi ya jikoni kwa familia moja ya Kipunjabi hapa mjini, miongoni mwa waliobaki baada ya wengi kuhama majumba yalipotaifishwa mwaka 1971. Wazazi wa Bibi mwenye nyumba, ndivyo tulivyomwita wote, walikuwa wametoka Sialkot. Jikoni kwake ndiko nilikojua kwamba kababu ni ukoo mzima. Kila moja ilikuwa na siku yake na chombo chake, na Bibi hakukubali uchanganye.

Nianze na ile aliyoipenda kuliko zote, shami, kwa sababu hiyo peke yake inamaliza ubishi wa kukaanga na ubishi wa unga. Shami haijui chuma wala makaa. Unachukua steki, unaikata vipande, unaitia sufuriani pamoja na dengu zilizomenywa na kupasuliwa, ambazo umekwisha kuziloweka. Unaongeza kitunguu, thomu, tangawizi, pilipili kavu nzima, iliki ile kubwa nyeusi, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Maji yawe kidogo na moto uwe wa wastani, mpaka nyama isambaratike na dengu zibonyee kwa kidole, na mpaka sufuria ikauke kabisa. Kwenye kukauka ndipo Bibi alipokuwa mkali. Unyevu ukibaki, kababu itakupasukia kwenye mafuta. Nilikuwa nasimama na mwiko nikikwangua chini isishike, naye kila akipita anainamisha sufuria atazame kama kuna maji yanayokimbilia upande mmoja. Yakikimbia, bado.

Ikikauka unatoa vijiti vya mdalasini, unasaga kwenye jiwe. Unasaga mpaka huoni tena nyama iko wapi na dengu ziko wapi, ila vidole bado vinahisi nyuzi za nyama. Unatia yai, unafinyanga viduara bapa, na katikati ya kila kimoja unaficha kitunguu kilichokatwa ndogondogo, majani ya giligilani, nanaa na pilipili mbichi, halafu unafunika. Kisha kikaangoni, mafuta kiasi cha kupaka tu, upande mmoja ushike rangi ndipo ugeuze. Mwenye haraka ataiokota vipandevipande.

Hiyo ndiyo shami, kababu ya majumbani toka Lahore hadi Lucknow hadi Dhaka, ya mgeni aliyekuja bila taarifa na ya mtoto anayekwenda shule. Dengu zilizomo hazikuwekwa kumpunja mtu. Nyama iliyochemshwa imekwisha kupoteza mnato wake wa ubichi, kwa hiyo lazima iwepo kitu cha kuishika. Mwandishi wenu aende akawaambie akina mama wa Lahore kwamba wanapika katlesi. Mimi nitamshikia koti nje ya mlango.

Ya pili ninayomtajia ni chapli, ya Wapashtuni wa Peshawar na nchi ile inayopakana na Afghanistan. Hii ni nyama ya ng'ombe iliyosagwa ikiwa bado na chembechembe, nyanya, vitunguu, punje za giligilani zilizopondwa zisilainike, pilipili kavu ya kuponda, na mbegu za komamanga zilizokaushwa ambazo huleta ugwadu. Halafu unga wa mahindi. Naam, mahindi hayahaya ya ugali. Nyanya ina maji, unga unayanywa. Mpishi anaitandaza kwa kiganja mpaka inapita upana wa kiganja chenyewe, anaitelezesha kwenye karai pana lenye mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, na kingo zake zinakuwa kavu na nyeusinyeusi huku katikati kukiwa laini. Mimi nimeijaribu hapa. Komamanga kavu sijaiona sokoni kwetu, nikatia unga wa ubuyu, ambao Dodoma hauna shida. Ugwadu ukapatikana na nyama haikuongezeka maji. Wateja wa Kigogo walioila waliutambua ule ubuyu kabla sijasema.

Sasa hili la Waturuki. Sisemi hawana kababu; wanazo, na nzuri. Lakini mwandishi ameirudia ile hadithi inayopendwa, kwamba askari walikuwa wakichoma nyama kwenye panga zao huko vitani na hapo kababu ikazaliwa. Mtu aliyekulia kwenye ng'ombe hawezi kuimeza hadithi hiyo. Hakuna kijiji cha Ugogo kilichosubiri askari wa kigeni aje akionyeshe kwamba nyama huchomekwa kijitini ikasogezwa motoni. India nako ni hivyohivyo. Maandishi ya Kisanskriti yanataja nyama ya kuchoma kwenye vijiti kabla ya masultani wa Delhi, na mfalme Someshvara wa Tatu wa ukoo wa Chalukya, aliyetawala huko Dekani, uwanda wa kusini mwa India, katika karne ya 12, aliacha maelezo marefu ya mapishi, nyama za kuchoma na viungo vyake zikiwemo. Kilichokuja na masultani kutoka Asia ya Kati na Uajemi, kuanzia karne ya 13, ni wapishi wao na mapenzi yao: mtindi, lozi, zabibu kavu, nyama laini yenye harufu nzuri. Viungo viliwakuta pale pale.

Na tunaye shahidi ambaye ni mgeni wetu pia. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Miaka michache baadaye alikuwa Delhi, kadhi kwenye utawala wa Sultani Muhammad bin Tughlaq, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda kula alieleza karamu za kule kwa utaratibu: mikate myembamba, nyama ya kuchoma iliyokatwa vipande vikubwa, nyama iliyopikwa kwa samli, vitunguu na tangawizi mbichi, kisha sambusa zilizojazwa nyama iliyokatwakatwa na lozi, jozi, pistachio, vitunguu na viungo, zikakaangwa kwa samli. Sambusa, Mhariri! Mwaka huo Dodoma hii haikuwepo hata kwa jina, lakini meza yangu ya Majengo ilikuwa imekwisha kuandaliwa.

Karibu miaka mia mbili baadaye akaja Babur kutoka Fergana, huko Asia ya Kati, akaiteka Delhi mwaka 1526, halafu akaandika malalamiko. Hindustani hakuna zabibu, hakuna matikiti mazuri, hakuna barafu, hakuna mkate mzuri wala chakula cha kueleweka kwenye masoko. (Kwa zabibu tungempeleka Hombolo, hapa Dodoma.) Mjukuu wake, Akbar, aliyetawala kuanzia 1556 hadi 1605, jiko lake lilikuwa idara ya serikali yenye mweka hazina na waonjaji, na waziri wake Abul Fazl aliandika vyakula vya jikoni humo kwa vipimo. Kababu imo. Nyama, samli, chumvi, tangawizi mbichi, vitunguu, jira, punje za giligilani, pilipili manga, iliki, karafuu. Nisomewe orodha hiyo asubuhi kwenye soko la Majengo, nitajua nasomewa mahitaji yangu mwenyewe, ila nitauliza: pilipili iko wapi? Haipo. Pilipili kali ilitoka Amerika na kufikishwa India na Wareno, wale waliochukua rubani Malindi mwaka 1498 wakavuka hadi Calicut. Papai nalo ni la Amerika. Kwa hiyo kababu mbili tatu ambazo leo watu wanaapa ni za kale, zingekosa viungo vyake viwili vikubwa kama meli hizo zisingevuka.

Papai nimelitaja kwa sababu. Nyama ya ng'ombe wa kwetu, aliyetembea kiangazi chote kutafuta majani, ni tamu lakini inabishana na meno. Utomvu wa papai bichi unaikata kiburi. Wachoma mishikaki wa hapa wanalijua hilo, na Lucknow wanalijua kuliko sisi. Mji huo ndio Nawabu, yaani mtawala, Asaf-ud-Daula aliufanya makao yake mwaka 1775, akihama kutoka Faizabad, na wapishi wa kaskazini mwa India wakamfuata huko kwa sababu huko ndiko fedha zilikokuwa zikitumika. Kule kuna kababu iitwayo galawati. Wanasimulia kwamba ilibuniwa kwa ajili ya nawabu aliyeishiwa meno na bado anataka nyama. Wengine wanamtaja nawabu huyu, wengine yule, na mimi sina haja ya kuamua. Meno yanaisha kwa watu wengi. Nyama inasagwa mara kadhaa, inawekwa papai bichi na unga wa dengu uliokaangwa, kaa la moto linawekwa katikati ya bakuli na kudondoshewa samli, bakuli linafunikwa ili moshi uingie ndani ya nyama. Kisha inakaangwa. Juu ya kikaango kikubwa, Mhariri, kwa samli. Hakuna chuma chochote kinachoweza kubeba nyama laini namna ile. Inaliwa na paratha, chapati ya tabaka, iliyopikwa juu ya mgongo wa kikaango kilichofunikwa kifudifudi. Duka maarufu la kababu hizo mjini humo lilianzishwa mwaka 1905 na Haji Murad Ali, aliyekuwa na mkono mmoja, na hilo la mkono ndilo lililompa duka jina, Tunday. Wenyewe husema viungo vyao vinafika 160. Hapo mimi kama muuza kababu natabasamu na kunyamaza. Hakuna anayemwonyesha jirani mfuko wake wa viungo.

Sasa hoteli moja mpya hapa mjini, sitaitaja, imeandika kwenye menyu "Kababu ya Lucknow". Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 wageni wameongezeka na hoteli zinachipuka kila mtaa, jambo jema. Nilikwenda na binti yangu tukaagiza. Vikaja vipande vitatu kwa shilingi elfu kumi na tano, na lettusi pembeni. Nilivunja kimoja. Ndani kulikuwa kweupe na kumeshikana, mafuta yamejaa, hakuna nyuzi, hakuna moshi, hakuna hata kipilipili. Mkate mtupu uliopitishwa karibu na nyama. Kwa hiyo mwandishi wenu ana haki ya kukasirika, ila amekasirikia unga badala ya kukasirikia kipimo. Msomaji anayetaka kujua afanye hivi: avunje kababu ikiwa ya moto. Yenye nyama ya kutosha itapasuka ovyoovyo, na utaona chembe za nyama na maji yake yakichuruzika. Yenye mkate mwingi inakatika laini, halafu ukiibonyeza kwenye karatasi, mafuta yanatoka mengi kuliko yale yaliyoko nje, kwa kuwa mkate unayanywa.

Za makaa pia nazijua, asije akasema natetea karai langu tu. Nilipomsindikiza kaka yangu Delhi kwa matibabu ya moyo, jioni moja alipokwisha kuruhusiwa kukaa peke yake, niliomba nipelekwe kwenye vichochoro vya jirani na Jama Masjid, msikiti mkubwa wa Shah Jahan. Nilikuta mchoma seekh, kababu ya nyama ya kusaga inayozungushiwa chuma, kwenye ukumbi usiofika upana wa mlango wa duka. Mbele yake kuna sanduku refu la bati lenye makaa, halina wavu; vyuma vinalala kwenye kingo mbili, nyama inaning'inia hewani juu ya moto. Kulia kwake beseni la nyama iliyosagwa, kushoto bakuli la maji. Anachovya mkono kwenye maji, anachota donge, analipachika kwenye chuma na kulivuta kwa kulikaza huku mkono mwingine ukizungusha chuma. Donge linarefuka, linakuwa bomba. Halafu anapita na kidole gumba na cha shahada, bonyeza, bonyeza, bonyeza, mpaka bomba zima lina mabonde madogo. Nikamuuliza kwa Kihindi changu cha jikoni kwa Bibi, mayai mangapi? Akacheka akamwita mwenzake aje anione. Hatii yai. Nyama yake inashikwa na mafuta, chumvi na kukandwa, na vitunguu vyake anavikamua kwenye kitambaa mpaka vinakauka. Kitunguu kibichi chenye maji ndicho kinachoangusha nyama kwenye makaa, na wachoma wengi wa hapa kwetu wanailaumu nyama.

Nyama yenyewe ilikuwa ya nyati wa kufugwa. Delhi kuchinja ng'ombe ni marufuku kisheria, hivyo ladha ile ambayo watalii wanaisifu kuwa ya ng'ombe ni ya nyati. Nilipewa na vitunguu vya duara, ndimu na chatne ya nanaa, vyote vimefungwa kwenye ukurasa wa gazeti. Samahani, Mhariri.

Nyingine nazipitia haraka. Hyderabad, ambako mwanangu alisomea ufamasia, wana shikampuri, shami iliyofichwa mtindi uliokamuliwa tumboni, na wana nyama inayochomwa juu ya bamba la jiwe lililopashwa moto. Karachi wana kababu ya Kibihari, iliyohama na watu wa Bihar baada ya India na Pakistan kugawanyika mwaka 1947: vipande vyembamba virefu vya nyama, papai, mafuta ya haradali. Kolkata kuna mkahawa wa Nizam's, wa tangu 1932, uliojulikana kwa kuviringisha kababu ndani ya paratha ili mtu ale akitembea. Vijana wetu wa chapati na mishikaki wasidhani wamebuni. Na Kakori, mji mdogo karibu na Lucknow, wana seekh laini hadi kuishika kwa vidole ni taabu.

Kuna hata zisizo na nyama, na hizi zimenisaidia sana. India watu wengi hawali nyama, lakini hawakukubali kupitwa. Wana kababu za mchicha na njegere, za mtindi uliokamuliwa, na Lucknow wana za fenesi bichi, ambalo likichemshwa linatoa nyuzi zinazomdanganya mtu mzima. Mimi wakati wa Kwaresima nafanya za dengu kwa namna ya shami, bila nyama. Wateja wangu Wakatoliki wananunua, na baada ya Pasaka wapo wanaoendelea kuziulizia.

Nirudi kwetu. Hizi za Dodoma ni nyama ya kusaga, kitunguu, thomu, tangawizi, giligilani, pilipili manga, jira, ndimu, slesi ya mkate iliyolowekwa na kukamuliwa, zinafinyangwa ndefu nene kidogo, zinakaangwa kwa mafuta ya alizeti ya hapa au ya Singida. Zimetufikia kwa njia nyingi, za pwani na za maduka ya Wahindi yaliyofuata reli, iliyovuka hapa ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mkate una sababu yake. Ng'ombe wetu ni mkavu, hana mafuta mengi ndani ya nyama, na nyama kavu ikisagwa na kukaangwa inakuwa kokoto. Mkate unashika maji ya nyama yasitoroke. Mimi natumia slesi mbili kwa kilo, sizidishi, na badala ya kuongeza mkate naongeza nundu. Namwambia mwenye bucha anisagie nyama ya bega pamoja na kipande cha nundu, mara mbili. Nundu ina mafuta yanayoyeyuka polepole, na kababu inabaki na maji hadi kesho yake. Ukienda mnadani Msalato Jumamosi, waulize wachoma nyama wenyewe kipande gani wanajiwekea, uone kama hawatakutajia nundu.

Tena wapo ng'ombe hapa mkoani wenye asili ya hukohuko tunakobishania. Ng'ombe wa Mpwapwa walizalishwa kwenye kituo cha utafiti wa mifugo cha wilayani humo, kazi iliyoanza enzi za Waingereza, kwa kuchanganya zebu wa huku na Red Sindhi wa Sindh na Sahiwal wa Punjab, wakaongezewa na Boran na Ayrshire. Bibi alipoambiwa habari hiyo na mganga mmoja wa mifugo aliyekuja kununua samli, alimfuata mumewe dukani kumweleza, akawa siku nzima anawaita ng'ombe wa Mpwapwa ndugu zake. Mwandishi wenu anapoiita kababu ya Dodoma uigaji, asubuhi hiyo pengine ilichinjwa nyama yenye nasaba ya Punjab.

Ninachoomba ni mambo mawili. Mchapishe kwenye ukurasa uleule kwamba kababu za kukaanga zipo, na kwamba huko kusini mwa Asia shami, chapli na galawati zote ni za mafuta na hakuna anayezishusha cheo. Wapishi wadogo kama sisi hatuna matangazo, tunaishi kwa jina, na jina likishaandikwa vibaya gazetini halifutiki kwa maneno ya mdomo.

La pili ni kipimo mlichotoa mwisho wa makala: mayai manne na kitunguu kikubwa kisichokamuliwa kwa kilo moja ya nyama, tena za kuchoma. Haiwezi kushika chuma. Mama mmoja jirani yangu amefuata maelezo yenu na nyama yote ikaishia kwenye majivu. Ya kuchoma isitiwe yai. Ya kukaanga, moja linatosha. Waliokwisha kuchanganya kama mlivyoandika wasitupe. Waongeze nusu kilo ya nyama ya kusaga kwenye mchanganyiko uleule, wakande kwa nguvu mpaka ushikane na mkono, wauweke kwenye friji saa moja, kisha waachane na vyuma, wakaange.

Mama Shaabani,
Majengo, Dodoma